Peremende Zisizolia

Mvua ilikuwa imeanza alfajiri, ile mvua isiyo na haraka, inayonyesha kama kibarua anayelipwa kwa siku. Gari la polisi lilipoingia mtaa wa nyuma ya soko, maji yalikuwa yameshafika kwenye vizingiti vya maduka, na wenye maduka wamesimama milangoni wakiyatazama tu. Mwisho wa mtaa palikuwa na jengo refu la matofali, na juu ya lango lake kibao: MAKUMBUSHO YA PEREMENDE. Chini yake ilibandikwa karatasi iliyovimba kwa unyevu. Tumefunga kwa matengenezo. Tutafungua keshokutwa.

"Afande, mimi ningebaki hapa hapa garini," dereva akasema, ameshika shavu. Alikuwa Sajini mwenye mwili wa bondia na jino moja bovu la nyuma, ambalo kila mwezi aliapa kuling'oa na kila mwezi akaghairi, hata kituo kizima kikasahau jina lake, kikamwita Gego. "Nyumba nzima ya sukari! Harufu peke yake itanimaliza."

"Ukifa umekufa kazini. Utazikwa kwa gwaride. Shuka."

Aliyesema hivyo alikuwa Inspekta, mwanamke wa makamo, mzito wa goti na mwepesi wa jicho. Yeye walimpa jina la Kobe. Walimpa kwa kumcheka, maana alitembea polepole, akauliza polepole, na kuandika ndiyo usiseme. Ila wale aliowafikia hawakupata nafasi ya kucheka. Siku za mvua goti lake la kushoto liliuma mpaka akatamani kulivua aliache nyumbani, na leo lilikuwa limeamka na hasira zake zote.

Kesi yenyewe ilikuwa nyepesi kusimulia. Mwanamke mmoja, mpishi mkuu wa peremende katika jengo hili, ambaye mji mzima ulimwita Fundi, alikuwa haonekani. Mdogo wake wa kiume, Mkurugenzi wa makumbusho, aliandikisha maelezo kwamba dada yake alimuaga asubuhi moja, begi mkononi, akamwambia: "Nimechoka na pipi. Nakwenda kupumzika, msinitafute." Basi. Mkuu wa kituo akaridhika. "Mtu mzima kasafiri," alimwambia Kobe. "Tangu lini kuchoka kukawa kosa la jinai? Jioni ya leo nataka jalada hilo limefungwa, liko mezani kwangu."

Asiyeridhika alikuwa mama yao. Kila siku alikuja kituoni akakaa kwenye benchi, mkoba mapajani, hapigi kelele, hatoi chozi. Kobe alipomsogelea, kikongwe yule alimkazia macho. "Nirudishie mwanangu. Kama anatembea, mlete anatembea. Kama ni wa kubebwa, mlete amebebwa. Lakini usiniambie amesafiri." Kobe, ambaye katika kazi hii alikuwa amejikataza kuahidi, akajikuta ameahidi.

Na huyo mama ndiye waliyemkuta ndani ya lango, amekaa nyuma ya meza ya tiketi, amejifunika sweta la kiume. Makumbusho yamefungwa, tiketi hakuna, lakini yeye alikuwa pale, anangoja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja." Akauchunguza uso wa Kobe kutafuta habari. Hakuiona, akashusha macho.

"Nimekuja kuangalia hizi pipi zenu," Kobe akasema, akijaribu kuchangamsha.

Bibi akainuka. Akaenda nyuma ya mlango, akarudi na ufagio wa mpini mrefu, akauweka mkononi mwa Inspekta wa polisi.

"Fagia."

"Nimekosa nini?"

"Umelitamka lile neno. Humu ndani kitu hicho hakuna. Hicho watoto wananunua dukani kwa vichele, kimefungwa plastiki. Sisi hapa tunapika peremende. Marehemu mume wangu aliweka sheria: atakayelitamka neno lile chini ya paa hili, awe mpishi, awe waziri, anafagia. Na waziri amefagia hapa, walinzi wake wamemshikia koti."

Gego akasahau jino lake, akacheka mpaka likamkumbusha. Kobe naye akafagia, afanyeje? Bibi akamsimamia kichwani kama mkaguzi.

"Na pembeni pia," akamwelekeza kwa kidole. "Faini haiishii katikati."

Ufagio ulikuwa mgumu, unakwaruza sakafu badala ya kufagia. Kobe akaugeuza juu chini. Nyuzi zake zilikuwa zimegandamana kwa kitu cha kijivu, kikavu. Akakikwangua kwa ukucha. Saruji.

"Mama, mnajenga?"

"Nani ajenge na mvua hii? Mwanangu amepaka rangi tu huko ndani, wageni wakute upya. Hata mimi amenikataza kupita, ati nitateleza."

"Na Fundi, naye hutozwa faini hii?"

"Fundi!" Kwa mara ya kwanza tangu Kobe amjue, Bibi akacheka. "Kifungua mimba wangu tangu aote meno hajalitamka neno hilo. Mwamshe usingizini, atakwambia peremende. Anayefagia ni mdogo wake. Kitinda mimba wangu yule ulimi wake hauna breki. Amefagia jengo hili kuliko mfagiaji wa kuajiriwa."

Kobe akasimama na ufagio mkononi. Nimechoka na pipi. Maneno hayo alikuwa ameyasoma mara nyingi kwenye maelezo ya Mkurugenzi, akayaona ya kawaida. Sasa aliyasikia upya. Kilichosema maneno yale hakikuwa kinywa cha Fundi. Alikuwa ametungiwa kuaga, na aliyemtungia alisahau neno moja tu la nyumbani kwao.

Hakumwambia Bibi kitu. Akaurudisha ufagio nyuma ya mlango, akajipangusa mikono, na kwa mara ya kwanza tangu ashike kesi hii akaogopa. Mtu hatungiwi maneno ya kuaga ikiwa anaweza kurudi kuyakana.

Mkurugenzi aliwapokea kwenye ukumbi wa kwanza. Suti ya kijivu, viatu vinang'aa kama havijui mvua, manukato yanamtangulia hatua mbili. Alikuwa na uso wa duara wa mtoto wa mwisho aliyebebwa sana.

"Inspekta, mama yangu, karibu! Laiti ungenipigia simu. Tumefunga, kama ulivyoona, lakini polisi ni watu wa nyumbani."

"Watu wa nyumbani hawapigi simu kwanza," Gego akanong'ona.

Kobe akampa mkono. Mkono aliopewa ulikuwa mkavu, ncha za vidole zimepasukapasuka, ngozi inabanduka. Hiyo haikuwa mikono ya mtu wa suti.

"Nataka unitembeze," akasema. "Kama mgeni yeyote. Unisimulie kama unavyowasimulia wengine."

Mkurugenzi akatulia, mabega yakashuka. Hapo alikuwa kwake. Akakohoa kidogo, akaunyoosha mkono kuelekea masufuria ya shaba yaliyopangwa juu ya majiko ya matofali, na maneno yakaanza kumtoka kama maji ya bomba.

"Hapa ndipo safari ya peremende inapoanza. Sukari, maji, moto, na ndimu kidogo ili sukari isirudi mchanga. Mpishi hakutumia kipimo. Alichovya kidole kwenye maji baridi, kisha kwenye sukari inayochemka, kisha tena kwenye maji, na akajua..."

"Afande," Gego akamkatiza.

Sauti yake haikuwa ya mzaha. Alikuwa ameinama kwenye meza kubwa ya marumaru, ile ya kumwagia sukari iliyopikwa. Kutoka ukingo wa meza mpaka kwenye tundu la maji sakafuni ulishuka mchirizi mwekundu, mweusi katikati, mzito, wa kunata. Nje dirishani mvua ikaendelea na kazi yake.

Kobe akainama, goti likampigia kelele. Akagusa mchirizi kwa kidole, akakitia kidole mdomoni. Gego akafumba macho.

"Sukari," Kobe akasema. "Rangi ya peremende."

"Lo!" Mkurugenzi akaangua kicheko. "Wageni wote huogopa hapo! Ni ya zamani hiyo, enzi za baba. Ati damu!" Akacheka, akafuta macho, akacheka tena. Alicheka kupita kipimo cha mzaha wenyewe, kama mtu aliyeona mbwa wakinusa mti usio wake.

Kobe hakucheka. Alikuwa anatazama trei za maonyesho. Kila chumba kilikuwa nazo, zimepangwa wazi juu ya rafu ili wageni wazione peremende za kila namna na kuzinusa: za mviringo, za umbo la samaki, za umbo la jani. Zote zilikuwa zimelainika. Zilimetameta, zinachuruzika maji ya rangi, nyekundu, kijani, manjano, na matone yanadondoka kutoka kwenye rafu.

"Mniwie radhi kwa hali hii," Mkurugenzi akasema alipoona anatazama. "Msimu wa mvua peremende hulia. Ndivyo tunavyosema sisi: zinalia. Zinavuta unyevu wa hewani, basi, machozi. Hakuna dawa."

"Zote?"

"Zote. Mvua haibagui."

Wakaingia chumba cha pili, chenye kulabu kubwa za chuma ukutani. Mkurugenzi akaeleza namna sukari ya moto ilivyotundikwa pale ikavutwa, ikakunjwa, ikavutwa tena, mpaka ikawa nyeupe. Kobe akamwacha afike katikati.

"Mligombana lini mara ya mwisho, wewe na dada yako?"

Mkono uliokuwa unaelekeza kulabu ukabaki hewani. "Kugombana? Inspekta, vikombe kabatini havikosi kugongana."

"Safari hii viligonganishwa na nini?"

"Mambo ya kazi. Dada alitaka tuwashe masufuria upya, pawe kiwanda kama zamani. Moshi, nzi, wapishi wanapiga kelele. Nami nimepafanya hapa pawe mahali pa heshima. Wanakuja maprofesa hapa!"

"Naye alisemaje kuhusu maprofesa?"

"Dada yangu ana mdomo." Akajaribu kutabasamu. "Aliniita mlinzi wa chupa tupu."

"Uchungu huo."

"Nimezoea. Tuendelee?"

Wakaendelea. Chumba cha tatu kilikuwa cha kumiminia, kimejaa trei za mbao zenye unga mweupe wa wanga. Ndani ya unga vilikuwa vimechapwa vishimo vya maumbo: samaki, majani, nyota. Mkurugenzi akaeleza kuwa peremende laini zilimiminwa humo zikiwa uji wa moto, zikaachwa zishike umbo.

"Kisha?" Kobe akauliza.

"Kisha zinakwenda chumba cha kufungia. Karatasi, maboksi, sokoni. Twendeni nikuonyesheni mashine ya..."

"Zinafungwa mbichi?"

"La, zikishakauka."

"Zinakaukia wapi?"

Mkurugenzi akaangalia saa yake. "Hewani tu. Zinaachwa."

Kobe akageuza shingo polepole, akatazama dirishani. Maji yalikuwa yanateremka kwenye kioo kama pazia. Kama hewa ya nchi hii ingekausha peremende, basi kule nyuma zisingekuwa zinalia. Akaiandika kichwani, akamfuata mwenyeji wake kwenye ukumbi uliofuata.

Ukumbi huo ulikuwa mrefu na mwembamba, unaunganisha chumba cha kumiminia na cha kufungia. Ulinuka rangi mbichi. Mkono wa kushoto rafu, mkono wa kulia rafu, na trei za peremende kote kote. Mkurugenzi aliuvuka kwa haraka, anazungumza bila kugeuka. Kobe akaingia kwa mwendo wake.

Rafu za kushoto zilikuwa zinalia, tena kwa kwikwi. Sakafu chini yake ilinata. Za kulia hazikulia.

Akarudi hatua moja ahakikishe macho hayamdanganyi. Rafu ya kulia, trei baada ya trei, peremende zilikaa kavu, sukari ya juu bado nyeupe kama siku ilipopakwa. Akaokota samaki mmoja, akamdondosha kwenye trei. Samaki akagonga ko! kama kokoto. Akatazama vidole vyake: safi, havinati.

Basi akauweka mkono wake ukutani, nyuma ya rafu, pale palipopakwa rangi mpya. Akauacha pale. Kisha akasogea, akaegemeza mgongo wote.

"Mkurugenzi," akaita. "Nitafutie kiti. Goti limenigomea."

"Chumba cha kufungia kuna viti vizuri, Inspekta, hatua chache tu..."

"Hapa hapa."

Kiti kikaja. Kobe akakiweka akiwa ameupa ukuta mgongo, akakaa, akanyoosha mguu. Akamwambia Gego akamletee dawa ya goti garini. "Usipite mlango wa mbele, utamsumbua Bibi," akaongeza. "Pitia uani. Tembea taratibu, uangalie usiteleze."

Gego hakuwa mjinga. Alijua Kobe hana dawa ya goti wala ya kitu kingine. Akaondoka.

Wakabaki wawili. Mkurugenzi alisimama, hana pa kuweka mikono.

"Unajua," Kobe akasema, "goti langu hili ni shahidi mzuri kuliko binadamu. Mvua ikinyesha linauma, jua likiwaka linanyamaza. Tangu alfajiri halijanipa raha. Nimekaa hapa, limenyamaza."

"Ni kupumzika."

"Nyuma ya ukuta huu kuna nini?"

"Uani."

"Uani kunanyesha. Mvua ya wapi yenye joto?"

"Ni rangi mpya, Inspekta. Zina dawa kali hizi rangi. Zikikauka zinatoa joto."

"Aa." Kobe akatikisa kichwa kama aliyeelimishwa. "Ulipaka mwenyewe?"

"Mafundi."

"Mafundi gani?"

"Wa... wa mtaani tu. Sikuwauliza majina."

"Na hivyo vidole vyako vimeliwa na nini?"

Mkurugenzi akavikunja viganjani. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo, na ukumbi ule kweli ulikuwa na joto. Akaiangalia njia ya kurudi chumba cha kumiminia. Kisha akaiangalia njia ya chumba cha kufungia, na huko ndiko zilikotokea sauti za miguu: mizito ya Gego, na nyuma yake mingine, myepesi, inayoburuta ndara.

Gego alikuwa ameloa chapachapa, viganja vyeusi kwa majivu.

"Afande, dawa sikuiona. Lakini uani kuna tanuri limefunikwa bati. Mvua ikiligonga lile bati inageuka mvuke. Nimefunua, makaa mekundu. Nikamuuliza Bibi tanuri hilo la nini."

"La chumba cha joto," Bibi akasema. Alikuwa na ufagio mkononi, anautumia kama mkongojo, maana sakafu ilinata na yeye aliambiwa atateleza. "Trei za wanga zilikuwa zinaingizwa humo zikauke. Tanuri hilo lilizimwa siku tuliyomzika mume wangu. Fundi alitaka kuliwasha, huyu akamkatalia. Sasa nani ameliwasha?"

Bibi akampita mwanawe bila kumtazama, akafika ukutani. Akaweka kiganja. Kisha akageuza mkono, akauweka mgongo wa mkono, vile mama anavyompima mtoto kwenye paji la uso.

"Ukuta huu una homa," akasema.

"Mama, rudi mlangoni, utaanguka..."

"Mlango wa chumba cha joto ulikuwa hapa. Nimepita hapa na trei kichwani na wewe tumboni. Mlango uko wapi?"

"Mama..."

"Nimekuuliza, kitinda mimba. Mlango uko wapi?"

Kobe akainuka, akakisogeza kiti pembeni. Alisema kwa upole, maana mwenye kuhitaji kuelewa hakuwa mtuhumiwa.

"Aliujenga, mama. Matofali, kisha lipu. Saruji aliifagia na huo ufagio. Lakini mvua ikamkatalia: lipu haikauki, rangi inafanya madoa, na keshokutwa anafungua milango kwa wageni. Basi akafanya alichoona baba yake akifanya kwa kila kilichokuwa kibichi. Akawasha tanuri." Akamgeukia Mkurugenzi. "Ulikausha ukuta, ukazikausha na peremende. Mwenyewe umeniambia mvua haibagui. Na dada yako hakukuaga. 'Nimechoka na pipi,' umeandikisha kwa mkono wako. Fundi angechoka na peremende."

Bibi akaushika ufagio kwa mikono miwili.

Mkurugenzi alifanya hatua mbili kuelekea chumba cha kufungia. Gego akajaza mlango. Hakumgusa, alisimama tu, na yule akarudi, akakaa chini kwenye sakafu inayonata na suti yake.

Ukutani katika ukumbi wa kwanza, ule wa masufuria, palitundikwa nyundo ndefu ya chuma, ya kuvunjia mabonge ya sukari enzi hizo, na kibao chake cha maelezo. Gego akaenda kuitungua, akarudi nayo. Kobe akamvuta Bibi kando, akamshika bega. Pigo la kwanza likaangusha rafu, peremende kavu zikatawanyika sakafuni, zinalialia ko, ko, ko. Pigo la pili likapasua lipu. La tatu likapita.

Kwenye tundu lile ikatoka hewa ya moto. Ilitoka polepole, na harufu ya sukari kongwe, na chini ya harufu hiyo nyingine ambayo Kobe aliijua na ambayo aliomba, bure, iwe ya panya. Gego akatanua tundu kwa mikono. Kobe akawasha tochi, akaingiza kichwa.

Chumba kilijaa vichanja vya chuma kutoka chini hadi darini. Kimoja kilikuwa kimepinda ukingo. Chini yake, juu ya magunia ya sukari yaliyotandikwa vizuri, alilala mwanamke mwenye aproni nyeupe. Alikuwa amefunikwa kitambaa cha meza mpaka kifuani. Kichwani aliwekewa mto. Kando yake palisimamishwa begi lake, limefungwa.

Kobe akakaa na tochi yake zaidi ya ilivyohitajika. Alikuwa anatafuta namna ya kugeuka.

"Mwanangu," Bibi akasema nyuma yake. Sauti yake ilikuwa imara. "Anatembea, au ni wa kubebwa?"

Kobe akageuka. "Ni wa kubebwa, mama."

Kikongwe akaitikia kwa kichwa, mara moja. Hakuanguka, hakupiga yowe. Alibaki ameshika ule ufagio kwa mikono miwili, na Kobe angeona nafuu kama angelia.

Gego akamtia Mkurugenzi pingu, mikono mbele, akaondoka kwenda kuita gari la maiti kwa redio. Kobe akachota konzi ya vumbi la ukuta, akaitia kwenye mfuko wa ushahidi, akaandika tarehe. Kazi ni kazi. Hapo ndipo mtu wa suti alipoanza kulia, kwa sauti, kama mtoto aliyepotea sokoni.

"Nilimsukuma tu, mama. Nilimsukuma tu, naapa. Alisema atang'oa rafu zangu zote za maonyesho, akawashe masufuria. Alinicheka, mama. Akaangukia kile chuma. Nilimwita, hakuitika. Nilimwekea mto." Akajipangusa kamasi kwa pingu. "Na tuligombania nini? Pipi! Pipi tu, mama, tuligombania pipi!"

Neno likakaa ukumbini. Hata yeye alilisikia likimtoka, akajaribu kulirudisha mdomoni kwa mikono iliyofungwa.

Bibi akamtazama kwa mara ya kwanza tangu aingie. Akasogea, ndara zinabanduka kwenye sakafu moja baada ya nyingine, mpaka akafika alipokaa. Akamnyooshea ufagio.

"Umelisema," akamwambia. "Fagia."

"Mama..."

"Simama ufagie, mwanangu."

Sheria iko wazi: mahali pa tukio hapaguswi, na mtuhumiwa hapewi kitu mkononi. Kobe aliijua sheria hiyo kuliko jina lake. Akasogea kando, akampisha Bibi.

Kitinda mimba akasimama. Akaupokea ufagio kwa mikono yenye pingu, akaanza kukusanya vipande vya ukuta wake mwenyewe, na peremende zilizovunjika katikati yake, kwa mikwaruzo mifupi mifupi, machozi yakidondokea vumbi. Mama yake alisimama mbele ya lile tundu la joto, amelipa mgongo, anamsimamia.

"Na pembeni pia," Bibi akasema.